Mwaka Niliokatazwa Kunyoa

Mwezi uliopita Athmani alituita nyumbani kwake Kisauni, sisi tuliosoma pamoja darasa la nane na ambao bado tunaweza kupanda ngazi za baraza yake bila kushikwa mkono. Mkewe alitupikia pilau la mbuzi, kachumbari kali ya kutoa machozi, na sharubati ya ukwaju yenye barafu. Tulikula mkekani sebuleni, feni ikizunguka juu yetu, na mmoja wetu akatazama huku na huku akaangua kicheko. "Hebu tazamaneni," akasema. "Hakuna hata mmoja wa kukatwa!" Kweli, vichwa vyote vilikuwa vinang'aa, vingine kwa wembe, vingine kwa kazi ya Mungu mwenyewe. Ndipo Athmani aliponinyooshea kidole chenye mafuta ya pilau. "Huyu je? Huyu ndiye alomshinda Mwalimu Yeremia. Alifukuzwa skuli kwa ajili ya nyele zake, akakataa katakata. Wallahi, n'liona kwa mato yangu!" Wakanipigia makofi kama bwana harusi. Nikacheka nao, nikalamba vidole, nikaaga, kisha nikarudi nyumbani na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Mke wangu aliniuliza kama pilau lilikuwa baya. Pilau lilikuwa zuri sana. Kilichonikera ni kwamba kwa wenzangu mimi ni kijana shujaa aliyepigania nywele zake, na habari yenyewe haikuwa hivyo, na Athmani anaijua kwa sababu alikuwepo. Tangu siku ile nainuka, nakaa, nafungua redio, naifunga. Basi afadhali niiandike.

Ulikuwa mwaka uliotangulia Uhuru, na pale Kisauni hakuna aliyekuwa ametulia. Watu wazima walikaa mabarazani wakibishana kama mwambao utabaki kwa Sultani au utakwenda na bara, na kama majimbo, yaani kila mkoa ujitawale, ni dawa au ni sumu. Wakishindwa kuelewana walihamia mkahawa mwingine wakaanza upya. Sisi wavulana tulibishana juu ya nywele. Vijana waliofanya kazi bandarini walirudi jioni na suruali zilizopigwa pasi na njia kichwani, yaani mstari uliochongwa kwa wembe upande wa kushoto, na nywele za upande wa pili zikachanwa juu mpaka zikasimama. Wakisimama karibu na gramafoni mkahawani, hata mwenye mkahawa aliwaita mabwana. Mimi mwenye kichwa cha kawaida aliniita "we kijana, ondoka kivulini mwa watu." Niliitaka njia ile kuliko nilivyotaka viatu. Sikuweza kueleza kwa nini, na hata leo nikiulizwa nitababaika. Nilichojua ni kwamba kila kitu mwilini mwangu mwaka ule kilikuwa cha mtu mwingine. Kaptura ilikuwa ya shule, shati lilikuwa la shule, lugha ya kuzungumza uwanjani ilikuwa ya shule, na wakati wa kwenda haja ulikuwa wa kengele. Kilichomea chenyewe bila kupewa amri na mtu ni nywele.

Na hizo nazo Mwalimu Yeremia alikuwa na habari nazo. Alikuwa mwalimu mkuu wetu, Mrabai mrefu mwembamba, mwenye kaptura nyeupe, soksi za kufika magotini na ile kofia ngumu ya jua ambayo Wazungu wenyewe walikuwa wameanza kuiacha. Sheria zake zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao nje ya ofisi: hakuna njia, hakuna nywele ndefu, hakuna bangili wala hirizi ya kuonekana, hakuna kupiga mbinja, hakuna nyimbo za mkahawani, hakuna siasa. Kipimo cha nywele ndefu kilikuwa kijiti cha kiberiti alichokivunja katikati. Kila Ijumaa tulipanga mstari, naye alipita akikichomeka kijiti kile wima kichwani mwa kila mvulana, na kichwa chekundu cha kijiti kikizama ndani ya nywele, umekwisha. "Mnapenda njia?" alikuwa akisema, mkasi mkononi. "Leo nitawapa barabara." Kisha akakata mstari mpana kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, akakuacha hivyo, ukamalizie kwenu. Mimi nilipata barabara yangu muhula wa kwanza, baada ya Athmani kunichonga njia kwa rula na wembe nyuma ya vyoo vya shule. Mstari ulikwenda vizuri mpaka ulipofika juu ya sikio, ukapinda kama mlevi. Athmani alisema nimetikisika. Mimi nasema hakujua kazi.

Wenzangu waliokatwa barabara walinyolewa kipara na mambo yakaisha. Kwetu haikuwezekana. Sisi ni Wagiriama, na kwetu mtu akifa, siku ya kuvunja matanga, mjane na watoto wake hunyolewa kwa wembe mpaka ngozi ing'ae. Ukikutana njiani na mtoto aliyenyolewa hivyo huulizi kitu, unasema pole. Kwa hiyo baba alinikalisha uani, akazipunguza nywele za kandokando kwa mkasi wa mama wa kushonea, akaacha kidogo kichwa chote, na barabara ya Mwalimu ikaendelea kuonekana katikati kwa majuma mengi. "Wacha ipite," alisema baba, akinipuliza shingoni kutoa nywele. "Wakija watu wa majimbo watapata pa kupitia." Alikuwa mtu wa mzaha baba yangu, mzaha wa uso mkavu, na mama alikuwa akichelewa kucheka mpaka baba awe ameshatoka chumbani.

Katikati ya mwaka, mapipa ya mafuta yaliporomoka kutoka kwenye lori huko Changamwe, baba akiwa chini. Alikuwa mpakizi kwenye bohari moja ya mafuta. Yalimbana kifua na nyonga, wenzake wakamkimbiza hospitali kisiwani, na mmoja wao akatumwa kwetu kuleta habari. Mama alikuwa mlangoni anakuna nazi. Yule mtu alisimama mbele yake akashindwa kuanza, mpaka mama akamwambia, "Sema tu kama amekufa." "Hajafa, mama," akasema, "lakini nenda." Mama aliinuka, akaifunika nazi kwa ungo, akaenda na mavazi yale yale. Dada yangu alisonga sima jioni tukaila kavu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa ile nazi. Mama aliporudi hakusema habari ya mifupa wala ya daktari. Alinitazama kichwani, ambako nywele zilikuwa zimeanza kuota vizuri tena.

"Karisa."

"Naam, mama."

"Kichwa chako asikiguse mtu. Si mkasi, si wembe, si mashine. Mpaka babako aingie kwa mlango huu."

"Na Mwalimu akitaka?"

"Mwalimu ana babake hospitali?" akauliza mama, akaenda kuosha miguu.

Mama alikuwa amebatizwa, na Jumapili aliimba kanisani kuwashinda wote. Lakini alikuwa na hofu moja ambayo ubatizo haukuifikia. Kumnyoa mtoto wakati babake yuko kitandani hajiwezi, kwake, ilikuwa sawa na kuanza kuchimba kaburi la mtu anayepumua. Mimi niliogopa pamoja naye, kweli niliogopa, usiku nilikuwa nikimwombea baba mpaka maneno yananiishia. Wakati huo huo, na hili ndilo linalonifanya niinuke na kukaa mpaka leo, asubuhi nilipojishika kichwa na kukuta nywele zimepanda, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikuwa nimepewa ruhusa, tena ruhusa ambayo hakuna kijana yeyote Kisauni angeweza kuipata. Wembe ulikuwa umekatazwa, basi nikachana njia kwa kitana na mafuta ya nazi, ili amri ya mama isivunjwe. Nilipita mbele ya mkahawa polepole. Mtu akinisifu nilisema, "Ni kwa sababu ya mzee, anaumwa," na sauti yangu ilikuwa ya majivuno.

Mwalimu Yeremia alinivumilia Ijumaa kadhaa kwa ajili ya ugonjwa wa baba, halafu uvumilivu ukaisha. Kijiti kilizama chote. Aliniuliza mbele ya mstari kwa nini, nikamwambia mama amesema zisikatwe mpaka baba atoke hospitali, na wenzangu wakacheka wakiwa wamefumba midomo. Akanipeleka ofisini, akafunga mlango, akavua kofia akaiweka juu ya meza. Ofisi ile ilinuka wino na chai iliyopoa. Hapo aliongea nami kwa lugha ya kwetu, jambo alilotukataza sisi, maana Mrabai na Mgiriama husikilizana. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, lakini yalikuwa karibu zaidi na mfupa.

"Unafikiri sijui?" akasema. "Mimi nimenyolewa matanga ya baba na ya mama kabla sijajua kusoma. Kulikuwa na mtu aliyerudi kwa sababu tulinyoa? Kulikuwa na mtu aliyekaa kwa sababu hatukunyoa? Mambo haya yametuchelewesha, Karisa. Kesho serikali itakuwa yetu, watatafuta makarani, watatafuta wauguzi, na sisi watu wa pwani tutakuwa nyumbani tunaogopa mkasi."

"Ni mama, Mwalimu."

"Mama yako namheshimu. Lakini sijui ni yeye anayezitaka hizi nywele au ni wewe. Nimekuona ukijitazama kwenye kioo cha dirisha la darasa la saba."

Hapo alinipata. Mkono wangu ukapanda wenyewe kichwani, naye akaona ni kiburi. Akasema nifunge vitabu niende, nirudi nikiwa nimenyoa, na nisiponyoa mtihani wa kumaliza utafanywa bila mimi. Siku zile mtihani huo ndio uliokuwa mlango wa pekee. Ukiupita unaendelea na masomo, ukiukosa unakwenda kubeba mapipa Changamwe. Nilijua vizuri mapipa ya Changamwe yanaweza kufanya nini.

Nilipomweleza mama, alisema, "Basi kaa," akaendelea kuchambua mchicha. Nikakaa, kama kuzurura ni kukaa. Nilitembea mpaka Ziwa la Ng'ombe nikarudi, nikaenda mpaka machimbo ya mawe ya Mwakirunge nikatazama watu wakivunja mawe, nikarudi na vumbi jeupe kwenye nywele zangu maarufu. Siku moja nilivuka nikaenda hadi Changamwe, nikasimama ng'ambo ya barabara nikiyatazama matangi ya mafuta na malori yakiingia na kutoka, nikitafuta ni wapi hasa baba alipoangukiwa, kana kwamba ningepaona ningejua la kufanya. Nyumbani hakukuwa na raha. Baba mdogo Kazungu alikuwa amekuja kukaa nasi kutusaidia, na jioni tukiwa tunakula, yeye na mama walikuwa wakizungumza habari ya mvua na bei ya mahindi. Wakishadhani tumelala walianza ile ya kweli. Ukuta wa udongo hauzuii neno.

"Shemeji, mtoto ana kichwa kizuri. Utamkosesha mtihani kwa nywele?"

"Zitakatwa babake akirudi."

"Na asiporudi mapema?"

"Kazungu, ukimtia wembe mtoto yule, ujue umemzika ndugu yako kwa mkono wako. Mimi nitafunga nguo zangu niende kwetu."

Kisha nikasikia baba mdogo akivuta mkeka. Mimi nilikuwa nimelala chali na mikono yote miwili kichwani, nimezishika nywele, na nilitamani mtu mmoja kati yao aingie na mkasi yaishe, na papo hapo nilitamani mtu yeyote asiingie.

Mama alikuwa ametukataza tusimwambie baba kuhusu shule. Alisema mgonjwa hatiwi wazimu. Tena watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, kwa hiyo tangu aumie sikuwa nimemwona. Jumapili moja Athmani alinijia akiwa amevaa kanzu ya kakake. "Yakhe, kwani wewe ni mtoto?" akasema. "Kwa nyele hizo? Twende, hakuna atakayeuliza." Tukavuka daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji na kunesa gari likipita, tukaingia wodini pamoja na wageni wengine wa saa kumi, na kweli hakuna aliyeuliza. Wodi ilikuwa ndefu, ina vitanda vya chuma pande mbili, harufu ya dawa, na makopo ya chai yaliyobaki chini ya vitanda. Nilimpita baba bila kumtambua. Ni yeye aliyeniita.

"Wewe umemleta mwanamuziki," akamwambia Athmani, "gitaa lake liko wapi?"

Alikuwa amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Athmani alimpa shikamoo, akaishika mikono yake, akaanza kumwuliza habari za hali, ya kulala, ya kula, ya dawa, kama mtu mzima kabisa. Baba alijibu yote kwa neno moja moja, macho yake yakiwa kwenye kichwa changu. Akaniuliza shule yasemaje. Nikamwambia njema. Akauliza tena, polepole zaidi, na Athmani ambaye hajawahi kuzuia neno maishani mwake akasema, "Amefukuzwa, Mzee. Ni nyele. Mama asema zisikatwe mpaka wewe urudi, na Mwalimu asema zikatwe au hana mtihani. Sasa yuwazunguka tu kama mbuzi alokata kamba."

Baba alifumba macho. Nilidhani amechoka. Kisha akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kidigo wa Likoni aliyekuwa akinyoa ndevu zake kila asubuhi, akamwomba wembe, sabuni na bakuli. Nikasema, "Baba, mama amesema—"

"Namjua mamako kabla yako. Anaogopa watakunyoa kwa ajili yangu nami sijafa." Akanivuta shati mpaka nikapiga magoti, nikaegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda. "Sasa ninayenyoa ni mimi. Umeona wapi maiti akashika wembe?"

Alicheka, akakohoa, Athmani akamshikilia mgongo mpaka ikapita. Halafu akaanza. Akanikata kidogo juu ya sikio, akasema samahani. Alinyoa kiasi, akapumzika, akanyoa tena, na kila alipopumzika nilisikia pumzi zake zikipanda kwa shida. Nywele zangu zilianguka ndani ya bakuli alilolishika Athmani, na mafuta ya nazi yakaelea juu ya maji. Napenda kusema kwamba nilimshukuru. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa naomboleza njia yangu, na chini ya hasira hiyo kulikuwa na woga mkubwa kuliko wote niliowahi kuupata, na vyote viwili vilitoka machoni kwa machozi yale yale, hata baba akadhani ni kidonda cha sikio. Alipomaliza alikipangusa kichwa changu kwa kona ya shuka. "Mwambie Mwalimu wako aliyekunyoa yu hai," akasema, "na anakutaka kwenye mtihani."

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kazi. Athmani alinivika kofia yake, lakini kichwa kipya hakifichiki, na tulipokaribia kwetu jirani wa kwanza alinitazama akaweka ndoo chini. Athmani akaona hatari, akapandisha kanzu akakimbia mbele akipiga kelele, "Yu hai! Yu hai!" Sijui nani alimpa akili hiyo. Watu wanaposikia kijana anakimbia akilia kwamba mtu yu hai, wanaelewa kinyume chake. Kufika mlangoni nilikuta wanawake wameshaanza kulia, na mama ameketi chini uani, miguu ameinyoosha mbele. Nilimwambia ni baba mwenyewe aliyeninyoa. Athmani aliapa kwa Mungu na kwa mtume. Baba mdogo aliapa kwa Biblia, ingawa hakuwepo. Mama hakuamini hata kimoja. Alikwenda hospitali asubuhi ya pili kabla hatujaamka, aliporudi alitupikia maharagwe ya nazi, akatupakulia, na hakunitazama kichwani mpaka tulipomaliza kula.

Jumatatu hiyo hiyo, kabla mama hajarudi, nilikwenda shule peke yangu. Mwalimu Yeremia alikuwa amesimama langoni kama kawaida yake, akiwahesabu wanaochelewa. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, tena nilitaka kuyasema kwa sauti ili wenzangu wasikie. Aliponiona, uso wake ulibadilika. Alivua ile kofia ngumu akaishika kifuani kwa mikono miwili. Wavulana wote waligeuka kutazama, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake nje ya ofisi.

"Pole, mwanangu," akasema kwa lugha ya kwetu, mbele ya shule nzima. "Pole sana. Ni lini?"

"Yu hai, Mwalimu," nikasema. "Ni yeye aliyeninyoa."

Alibaki pale na kofia yake. Niliona kwamba alikuwa ameumia, na baadaye tu, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipoelewa ni nini kilimwuma. Yule aliyeniambia ofisini kwamba mambo haya hayana maana ndiye aliyeona kichwa changu akamzika baba yangu papo hapo. Hakuniadhibu, wala hakucheka. Alisema, "Ingia darasani," na Ijumaa ile kijiti cha kiberiti hakikupita. Ijumaa ya pili kilipita kama kawaida.

Nilifanya mtihani. Niliupita, na kwa sababu yake nimekuwa karani, kisha mkubwa wa makarani, kisha mzee wa pensheni anayealikwa pilau. Baba hakujua matokeo. Alikufa Desemba wakati wa likizo, kitandani mle mle, kifua kikiwa kimekataa kupona. Miaka mingi baadaye nilimwuliza daktari mmoja rafiki yangu kama mtu aliyevunjwa kifua namna ile anaweza kudhurika kwa kuinuka na kumnyoa mtoto. Aliniambia kwa upole kwamba kifua kile kilikuwa kimeshaisha siku ya mapipa. Namwamini. Lakini mama hakusomea udaktari, na kwa miaka yote aliyoishi hakuniambia hata mara moja kwamba ni wembe ule uliomwua, wala hakuniambia kwamba siyo. Hilo ndilo Athmani asilolisimulia kwenye pilau. Yeye huishia pale langoni, kofia ya Mwalimu ikiwa mkononi, watu wakashangilia, na mimi siwezi kumlaumu kwa sababu pale ndipo ningependa kuishia.

Siku ya kuvunja matanga tulikalishwa uani juu ya mkeka, mama, dada yangu, mdogo wangu na mimi, na jamaa wote wa ukoo wakiwa wamesimama kutuzunguka. Baba mdogo Kazungu alikuwa na wembe mpya na beseni la maji. Alianza na mama. Kisha dada, ambaye alilia kwa sababu ya nywele zake kama msichana yeyote, akapigwa kofi dogo na shangazi. Kisha mdogo wangu. Nywele zangu zilikuwa zimeshaota tena kutoka siku ya hospitali, laini, za kutosha kuchana. Niliinamisha kichwa nikangoja. Nilisikia maji yakimwagwa, nikainua macho, nikaona baba mdogo anaufuta wembe na kuukunjia ndani ya kitambaa.

"Na mimi," nikasema.

Alimtazama mama. Mama alikuwa na kichwa kipya, kidogo, cheupe kuliko uso wake, na sikuwa nimewahi kumwona mtu mpweke kiasi kile.

"Huyu alishanyolewa," akasema mama. "Alinyolewa na babake mwenyewe. Hakuna wembe mwingine utakaopita pale."

Wazee wakaitikia kwamba ndivyo, wakaanza kukunja mkeka. Nilimshika baba mdogo mkono. Nilimwambia aninyoe, nikamwambia shangazi, nikamwambia kila aliyesimama pale, nikajivuta nywele kwa vidole nikiwaonyesha kwamba ziko, ni ndefu, zinakatika. Dada yangu aliniambia ninyamaze, watu wanatazama. Nililia mbele ya ukoo mzima nikiomba ninyolewe kama watoto wengine wa baba yangu, na hakuna mtu aliyenigusa.